Waliokufa kwa kipindupindu wajengewe bomba, si sanamu

Ujiji tuna mnara wa kumbukumbu wa Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, waliosalimiana chini ya mwembe mwaka 1871. Wageni hulipa kiingilio kuutazama. Waliokufa kwa kipindupindu mwaka 2015 hawana hata kibao.

Wengi wao walikuwa Warundi waliokimbia machafuko kwao. Walifikia Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi: ufukwe mwembamba, mlima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele. Makumi ya maelfu walibanana pale, na maji ya kunywa yakawa yaleyale ya kufulia na kujisaidia. Meli ya MV Liemba ikatumwa kuwabeba. Hadi Mei inakwisha, waliokufa, wakiwemo Watanzania, walishafika kama 30.

Ukitaja kumbukumbu, watu huwaza sanamu: daktari kavaa barakoa, labda na mama anayelia. Mimi siitaki. Mji wenyewe una Waislamu wengi, na sanamu ya binadamu itazua ubishi kabla saruji haijakauka. Na kwa nini tuhangaike, wakati sadaka ya jaria, sadaka isiyokatika, tunayo? Mtu akifiwa na mzazi, akijaliwa uwezo, humchimbia kisima, na thawabu zikamfuata marehemu kila anayekunywa. Maradhi haya yaliingia kwa maji machafu. Basi lijengwe bomba la maji safi Kibirizi, hapa Kigoma, zinapotia nanga boti za Kagunga, na pembeni yake ukuta mrefu wa majina. Waliokufa kwa korona nao waandikwe hapohapo.

Majina yatoke kwa nani? Kwa wafiwa. Hesabu rasmi ya korona nchini ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, ikaganda hapo zaidi ya mwaka, kwa hiyo orodha ya ofisini tusiingoje. London hawakungoja: Machi 2021 wafiwa walianza kuchora mioyo myekundu ukutani kando ya Mto Thames, mkabala na Bunge, kila marehemu na moyo wake. Rangi ya mwanzo ilipauka, ikabidi irudiwe. Sisi tuchonge, na jina la Kirundi liandikwe kama ndugu zake wanavyoliandika.

Bomba likikauka itakuwa aibu maradufu, najua. Ndiyo maana nataka kila ndoo ilipiwe kidogo, na fedha washike akina mama wauza dagaa wa palepale, si kamati ya mjini. Shehe akiniuliza ni sadaka gani hiyo inayolipiwa, nitamwambia maji ni bure, anayelipwa ni fundi wa koki.