Pole ya Mfalme

Asubuhi moja Ngamiani, hapa Tanga mjini, kijana wa baiskeli alikata kona bila kupiga kengele, usukani ukalivuta beseni la mama muuza vitumbua. Vitumbua vikamwagika mchangani, viwili vitatu vikabingirika hadi mtaroni. Kijana akashika breki, mguu mmoja chini, mwingine bado uko kwenye pedeli, akageuza shingo: "Pole, mama."

Mama wala hakuinuka kwenye kigoda chake. "Pole kashanipa huyu muuza kahawa, na yeye hajanigonga. Wewe sema yako."

Kauli hiyo hunirudia kila ubishi wa ziara ya Mfalme Charles na Malkia Camilla nchini Kenya unapofufuka barazani. Na unafufuka sana, ingawa ziara yenyewe ilikuwa ya siku nne tu, Oktoba 31 hadi Novemba 3, 2023. Kwa watu wa Tanga, Mombasa si ng'ambo. Ukivuka mpaka wa Horohoro umeshaingia kwa wajomba. Kwa hiyo picha zilitufikia kwenye simu kabla ya taarifa ya habari: Mfalme na mkewe Fort Jesus, wamepanda bajaji ya umeme, Wakenya wanaiita tuktuk. Wengine walicheka, wengine walisonya.

Kilichowagawa watu lakini si bajaji. Ni hotuba ya usiku wa kwanza, kwenye dhifa ya Ikulu ya Nairobi. Mfalme alisema Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usio na utetezi walipokuwa wakipigania uhuru wao, na kwamba hakuna kisingizio. Maovu yale, akasema, yanaleta huzuni kubwa na majuto makubwa. Radhi hakuomba. Rais Ruto alimsifu kwa ujasiri wa kuugusa ukweli mchungu, kisha akaongeza, kwa adabu ya mwenyeji, kwamba bado mengi hayajafanywa hadi fidia itimie. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, ilikuwa imeshasema kabla ndege haijatua kwamba inataka radhi rasmi, isiyo na kona.

Hapo Kiswahili chetu kilimpendelea Mfalme. Habari ilipotufikia ilikuja na neno "majuto", na kwa Mswahili anayejuta ni mwenye kosa. Huwezi kujutia gari la jirani kutumbukia korongoni, utasikitika tu. Basi nusu ya baraza iliamini kabisa kwamba radhi imeshaombwa, ikawashangaa Wakenya wanadai nini tena. Kwa Kiingereza neno lile, "regret", ni jepesi kuliko letu. Mashirika ya ndege hulitumia safari ikichelewa.

Nianze na wale walioridhika, maana barazani kwetu ndio wengi na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema mfalme wa Uingereza hajisemei: hotuba ya kiserikali anayoitoa ugenini hufuata ushauri wa mawaziri wake, kwa hiyo kumlaumu yeye ni kumlaumu tarishi kwa barua aliyopewa. Wanasema alizaliwa Novemba 1948, na hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952 alikuwa hajatimiza hata miaka minne. Na wana jiwe moja zito zaidi, ambalo wapinzani wao hawapendi kuliona: Mau Mau, kundi la wapigania uhuru wale, iliendelea kuwa chama haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya huru mpaka 2003. Miaka 40 baada ya bendera kupandishwa! Dedan Kimathi, kiongozi wao, alinyongwa gereza la Kamiti Februari 1957, na nchi aliyoifia imeimaliza miongo kadhaa haina kaburi la kuwaonyesha watoto wake. "Mfalme aombe radhi kwa nani," mzee mmoja aliniuliza huku akipuliza kikombe, "kwa serikali iliyowaita wenyewe wahalifu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sijidai kwamba ninalo leo. Hata waliotoka kupunga mikono Mombasa nawaelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu wa pwani hamfungii mgeni mlango kwa deni la babu yake, na kuwaita watu wale vibaraka ni utovu wa adabu.

Ila wapo waliotukanwa zaidi ya hao, na ndio walionishikisha kalamu. Ni wale waliosema neno moja tu limekosekana. Waliitwa ombaomba. Ukidai samahani unaonekana umenyoosha kiganja. Utetezi mkubwa wa kutotamka neno hilo ni wa kisheria, kwamba ukiomba radhi umekiri, na ukikiri utalipishwa. Hoja hiyo ina nguvu mpaka uitazame kutoka hapa Tanga, kwa kisa ambacho sijui kwa nini hakisimuliwi shuleni.

Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza kwa miaka, aliitwa kwenye mazungumzo ya suluhu. Alipofika alipigwa risasi na ofisa kijana aitwaye Richard Meinertzhagen. Wazee wa Kinandi wanasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wamekuwa wakikidai. Fimbo zake tatu zilirudi Kenya 2006, zikitoka mikononi mwa mtoto wa Meinertzhagen. Kichwa bado.

Sasa mtazame bwana huyo huyo miaka tisa baadaye, akiwa kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, watu kama 8,000, lilishuka Tanga likadhani litakunywa chai ya jioni mjini. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotutawala wakati ule, mwenye watu elfu moja hivi, wengi wao askari wa Kiafrika, akalitimua. Nyuki nao, kama kila mtoto wa Tanga anavyojua, wakawa upande wetu, au tuseme upande wa mzinga wao. Waingereza waliacha maiti zaidi ya 300. Meinertzhagen alikuwa ofisa wao wa upelelezi. Katika purukushani ile mizinga yao iliipiga hospitali ya mji, na jioni ya Novemba 5 Meinertzhagen akaingia Tanga na bendera nyeupe, amebeba dawa na barua ya mkuu wake, Jenerali Aitken.

Barua ya nini? Ya kuomba radhi kwa hospitali iliyopigwa.

Mimi nimekaa na kisa hiki muda mrefu, labda kuliko inavyofaa. Vita haijaisha, wafu hawajazikwa wote, na tayari radhi imeandikwa, imetiwa saini, imepelekwa kwa mkono. Hakuna aliyesema ngojeni kwanza tuulize wanasheria. Aliyeombwa radhi alikuwa adui, mwenye bunduki bado mkononi, aliyewaangusha watu wao siku moja kabla. Na aliyeipeleka ni mtu yule yule aliyemuua Koitalel kwenye suluhu. Toka Koitalel aanguke hadi dhifa ya Nairobi ni miaka 118. Kwenda Nandi hakuna barua iliyobebwa.

Mtu atasema hiyo ilikuwa adabu ya maofisa wa zamani, Mzungu kwa Mzungu. Sawa, tuje karibu. Aprili 2021 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni London akaomba radhi kwa Waafrika na Waasia waliokufa wakiitumikia nchi yake katika vita ile ya kwanza bila kuandikwa majina makaburini. Ripoti iliyomsimamisha ilikadiria wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000. Ndani ya hesabu hiyo wamo wapagazi wa vita ya Afrika Mashariki, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Kwa hiyo si kwamba Mwingereza hawezi kumwomba radhi mtu mweusi. Amemwomba radhi Mjerumani aliyempiga, akamwomba radhi mpagazi aliyembebea mzigo. Aliyebaki bila neno ni yule mweusi aliyempinga. Hata kwenye ziara hii hii, Mfalme alifika makaburi ya vita Nairobi akawapa wazee waliopigania taji nishani zao, na ilikuwa picha nzuri, sikatai.

Twende kwenye pesa, maana ndiko tunakosukumwa. Juni 2013 serikali ya London ilitangaza kwamba inajutia kwa dhati mateso ya enzi za Mau Mau, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na pale pale ikasema haikiri dhima. Gawanya: hata usipotoa gharama za kesi, haifiki pauni 3,900 kwa mtu, kwa wazee ambao baadhi yao walihasiwa kambini. Halafu ikaja kesi ya pili, wadai zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London ikaitupa: muda umepita mno, ushahidi umechakaa, mashahidi wamekufa. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Kwa kila aliyelipwa, kuna saba na zaidi walioambiwa wamechelewa. Mlango wa mahakama ulishafungwa miaka mitano kabla Mfalme hajasimama Ikulu, sasa ile hofu kwamba neno moja lingeufungua inatoka wapi?

Na wafalme wengine wameshalitamka. Machi 2020 Willem-Alexander wa Uholanzi, akiwa na Malkia Máxima ziarani Indonesia, aliomba radhi kwa ukatili uliopita kiasi wa majeshi ya nchi yake katika vita vya uhuru vya huko. Naye ni mfalme wa katiba, naye ana mawaziri wa kumshauri. Wajane wa kijiji cha Rawagede, huko huko Indonesia, walikuwa wameshashinda kesi dhidi ya Uholanzi mwaka 2011 wakalipwa euro 20,000 kila mmoja, yaani malipo yalitangulia na radhi ya mfalme ikafuata. Kiti chake cha enzi hakikuvunjika mguu.

Jirani zaidi ya huyo ni Steinmeier. Asubuhi iliyofuata hotuba ya Nairobi, Novemba 1, Rais wa Ujerumani alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wetu mwaka 1905 hadi 1907. Hapa wale walioridhika na Mfalme wana pigo lao zuri, na nakiri linauma. Wanasema: huyo Mjerumani katoa samahani tupu, fidia hakutaja, Mwingereza katoa pole, lakini walau watu 5,228 walitia kitu mfukoni. Ipi bora? Na wananikumbusha kwamba Bushiri, aliyewapinga Wajerumani pwani, alinyongwa Pangani, mkoa wetu huu huu, Desemba 15, 1889, na Steinmeier hakufika Pangani. Sisi hatukupata pole wala samahani.

Ni kweli. Samahani inaweza kuwa rahisi. Wapo wanaoitoa ili wasikilizwe haraka waondoke. Lakini Songea nilisikia kitu ambacho Nairobi sikukisikia. Kule aliyesema alijitaja kuwa ndiye. Nairobi vitendo "vilitendwa", maovu "yalikuwepo", kana kwamba masika yalipita yakaharibu nyumba. Kwa mtu aliyepoteza ndugu katika kambi za Waingereza za Hola au Manyani hiyo si tofauti ya watu wa sarufi. Na wale wanaoitwa ombaomba, ukiwasikiliza wakongwe wao, wengi wanaanza na neno, kisha mabaki ya wafu wao, kisha ardhi. Pesa hutajwa mwishoni, mara nyingi na mwanasheria.

Yule mama wa vitumbua naye hakutaja pesa. Alikaa tu, mikono magotini, anamtazama kijana. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Kijana akatazama barabara aliyokuwa akienda, akatazama mchanga, mwisho akashuka, akaisimamisha baiskeli kwa stendi yake.

"Nisamehe, mama. Nimekugonga mimi."

"Haya. Vilikuwa kumi na vinne."

"Mama, mbona mimi naona kumi na kimoja?"

"Na vya mtaroni?"

Niliwaacha wameinama wote wawili, wanahesabu.