Jenereta ya Ndege Isipimwe kwa Kilo Zake Peke Yake

Mhandisi anayetaka kupunguza uzito wa jenereta ya ndege hukimbilia kwanza kasi, kwa sababu ukubwa wa mashine hufuata nguvu ya msokoto inayobebwa na rota, yaani sehemu yake inayozunguka, si wingi wa umeme unaotoka. Ndiyo maana rota yenye ncha mbili za sumaku huzungushwa mara 24,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hetzi 400, ilhali umeme wa majumbani kwetu ni wa hetzi 50. Kasi hiyo huzaa joto, na kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi mno kulipoza, koili hunyunyiziwa mafuta.

Boeing 787, ambayo abiria wa Kenya Airways na Air Tanzania wanaifahamu, ina jenereta mbili za kilovolti-ampea 250 (kipimo cha uwezo wa kutoa umeme) kwenye kila injini, na hizo hizo ndizo zinazowasha injini. Wabunifu wake waliondoa mtambo wa kusawazisha kasi, ule unaoifanya jenereta izunguke kwa kasi ileile hata mwendo wa injini ukibadilika, wakaacha masafa ya umeme, yaani hizo hetzi, yapande na kushuka kufuata mwendo wa injini. Naupenda uamuzi huo, ingawa sehemu ya kilo zilizookolewa hulipwa kwingine, kwenye vifaa vinavyougeuza umeme kabla haujafika kwenye mota.

Ninapotofautiana na wengi ni kwenye sumaku za kudumu za rota, ambazo wao huzisifu. Jenereta yenye sumaku hizo ni nyepesi na hupoteza umeme kidogo, lakini koili yake ikipata shoti angani, sumaku haizimiki: maadamu injini inazunguka, mashine huendelea kusukuma umeme ndani ya hitilafu yake yenyewe. Jenereta ya kawaida, ambayo usumaku wa rota yake hutokana na umeme, hunyamazishwa kwa kukata umeme huo tu. Dawa zipo, kama vile koili zinazobana mkondo wa shoti au kifaa cha kuitenga rota na injini, ila kila dawa ina kilo zake, na kilo hizo ni nadra kutajwa pale mtu anapojivunia kilowati kwa kila kilo.

Kwa jenereta ya injini ndogo ya mkiani, nakiri, hoja yangu hupungua nguvu, kwa kuwa injini hiyo inaweza kuzimwa bila ndege kupoteza msukumo wowote.