Zaka ya Kariakoo na mwenye deni wa Tandika

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, pita Kariakoo mtaa wa Sikukuu baada ya adhuhuri, utaikuta foleni. Kina mama wameketi barazani, baibui zimepauka, watoto mapajani, wanamsubiri tajiri atoke na bunda la noti za elfu tano. Saa moja haipiti, kazi imekwisha. Tajiri katoa zaka yake, na kila mmoja anaondoka na unga na sukari ya siku mbili tatu.

Wa kumlaumu simuoni. Aya ya 60 ya Sura Tawba, inayotaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, imeanza na mafukara na masikini. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma swahaba wake Muadh kwenda Yemen alimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao. Ninachouliza ni kundi la sita katika aya hiyohiyo, gharimina, wenye madeni. Mbona hawa kwenye foleni hatuwaoni?

Hatuwaoni kwa sababu hawaendi. Jirani yangu wa Tandika ana genge, ana simu ya kioo, watoto wanavaa sare safi. Ukimtazama humuiti masikini. Lakini alikopa shilingi 300,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, mwanawe alipolazwa, marejesho 45,000 kila Jumatatu kwa wiki 10. Wiki ya saba alikwama. Jioni yake wakaja wanne na bodaboda ya matairi matatu, wakabeba godoro la tano kwa sita na mtungi wa gesi. Mtungi ulikuwa bado una gesi; alikuwa anachemsha maharage.

Na hayuko peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni, na hapo hujawagusa wa mtaani wanaotembea na daftari kwapani.

Ustadhi mmoja tunayekunywa naye kahawa hakubaliani nami, na hoja zake si za kupuuza. Anasema deni la riba ni la haramu tangu mkataba wake, na ukilipa kwa zaka unamnenepesha mla riba. Anasema pia njaa unaiona usoni, lakini deni mtu anaweza kulitunga. Na ukizoesha watu kwamba zaka itawakomboa, kesho watakopa tena. Hii ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi vijiweni, ingawa sijawahi kusikia mtu akiwaambia wa kwenye foleni kwamba unga utawazoesha njaa.

Tuanze na wanazuoni wa zamani. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alipowaeleza gharimina aliwataja watu watatu: aliyechukuliwa mali na mafuriko, aliyeunguliwa mali na moto, na mwenye familia asiye na kitu, akawa anakopa ili awalishe. Nikiisoma kauli ile naiona Dar es Salaam. Mafuriko? Waulize wa Jangwani na bonde la Msimbazi. Moto? Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na aliyekuwa ameweka mzigo wa mkopo mle ndani alitoka na deni tupu. Na wa tatu ndiye huyu jirani yangu. Upo pia mkasa uliopokewa na Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi, wa mtu aliyenunua matunda yakapata janga, deni likamzidi. Mtume akasema mpeni sadaka. Watu wakatoa, haikutosha, naye akawaambia wadai chukueni mlichokikuta, hamna zaidi ya hicho.

Kuhusu riba, madhehebu yetu ya Shafi imeshaliangalia. Aliyekopa kwa jambo la halali, muda umefika na hana cha kulipia, anapewa. Hata aliyekopa kwa maasi, kauli yenye nguvu ni kwamba akitubu kweli anapewa. Hofu ya uongo nayo ina dawa: kwa idhini ya mdaiwa unampelekea mdai mwenyewe, mdaiwa hashiki hata senti.

Linalonikosesha usingizi ni hesabu. Mwenye bidhaa na fedha za milioni 80 zaka yake ni milioni mbili. Kwa noti za elfu tano ni watu 400. Kwa madeni ya laki tatu tatu ni watu sita, chenji laki mbili. Nani atathubutu kuwafukuza wale 400 wa foleni? Mimi siwezi, na ndipo hoja ya ustadhi inaponibana. Ila hao 400 Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, itawakuta pale pale, na wale sita wangerudi gengeni. Tena Imam Shafi mwenyewe hakutaka tuchague kundi moja: zaka igawiwe kwa makundi yote yanayopatikana, na kila kundi wasipungue watatu. Milioni moja kwa foleni, watu 200. Milioni ya pili kwa wadaiwa watatu, na laki moja inabaki. Sioni ugumu uko wapi.

Huyu jirani alisaidiwa mwaka jana na mwenye duka mmoja, tena Mshafi wa kweli. Alikwenda naye kwa mkopeshaji, akaomba daftari. Wiki sita zimelipwa, 270,000. Akasema, Qur'ani inampa mkopeshaji rasilimali yake tu, yaani kile alichokopesha, kwa hiyo haki yako ni 30,000. Akazihesabu kutoka bahasha iliyoandikwa zaka. Mkopeshaji akacheka, akasema mkataba ni 450,000, bila 180,000 godoro halitoki. Walibishana mpaka magharibi. Mwishowe mwenye duka akatia mkono mfuko wa shati, akatoa 150,000 nyingine, akamwambia jirani yangu: hizi si zaka, hizi ni sadaka yangu. Godoro likarudi na bajaji. Mtungi ulirudi mtupu.