Mzee Asizidishiwe Chakula

Samaki wangu anaitwa Mzee. Jina alipewa na binti yangu wa miaka sita, kwa sababu kutwa anajichimbia kwenye pango la jiwe lake, kakunja uso, akitoka ni kwa ajili ya kula tu. Mke wangu akasema jina hilo humu ndani tayari lina mwenyewe, na mwenyewe ana tabia hizo hizo. Tukacheka. Ningejua, ningemwita Juma.

Mzee anaishi sebuleni kwetu, Dar es Salaam, kwenye tanki la lita 120 la maji ya bahari. Ukifuga samaki wa baharini unafuga maji kwanza. Samaki anajisaidia humo humo anamopumua, na uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye mawe kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wenzao wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Yote hayo huyaoni kwa macho. Maji yanaweza kung'aa kama ya mtungini, samaki akafa jioni.

Ndiyo maana nina boksi la vipimo. Unachota mililita 5 kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone 8 ya dawa ya kwanza, matone 8 ya dawa ya pili, unatikisa, unasubiri dakika 5, unalinganisha na kadi ya rangi. Amonia ikiwa sifuri maji yanakuwa ya njano. Ikipanda yanaelekea kijani. Nitrati yenyewe huanzia njano, ikapita rangi ya chungwa, ikaishia nyekundu. Tena chupa yake ya pili lazima uitikise nusu dakika kwa nguvu zote, maana dawa hutuama chini, na usipoitikisa utadanganywa kwamba mambo shwari. Taa ya sebuleni kwetu ni ya njano, chini yake hata mkaa ungepata amonia sifuri. Kwa hiyo napimia bafuni, kwenye vigae vyeupe, alfajiri, komeo nimeweka ili watoto wasije wakashika dawa.

Mke wangu akapata semina Dodoma, siku kumi. Mama mkwe akaja kutoka Pangani kuangalia wajukuu.

Sasa jiweke mahali pake. Umeamka kuswali, unamsikia mkweo amejifungia bafuni anahesabu, "moja, mbili, tatu," mpaka nane. Halafu chaka-chaka-chaka. Kimya dakika tano. Halafu sauti ya mtu aliyekata tamaa: "Eh Mola wangu, imepanda." Mlango unafunguliwa, anatoka mwanamume kabeba vichupa vya maji ya njano kwenye kisahani cha chai.

Akaenda jikoni. Kwenye friji kulikuwa na karatasi yangu:

"MZEE: chakula mara 1 kwa siku, kidogo tu. Asizidishiwe. Chumvi imezidi, ipunguzwe taratibu. Jumatatu 0. Jumanne 0.25. Jumatano 0.5!!"

(Ya chumvi ni uzembe wangu. Maji hupungua kwa kuvukizwa, chumvi hubaki, na mimi badala ya kujazia maji yasiyo na chumvi nilikuwa najazia ya bahari. Kipimo cha chumvi kilisoma 1.029, wakati bahari yenyewe iko karibu na 1.025.)

Mama mkwe hakuniuliza, mambo hayo huwezi kumwuliza mkweo. Akamwuliza mjukuu. Mjukuu akajibu kwa ukweli wote: "Baba kasema ikifika moja, Mzee anakufa."

Siku hiyo chai ikaja haina sukari. Mchana, kisamvu cha nazi kisicho na hata punje ya chumvi. Jioni wali ulikuwa unatosha kikombe cha kahawa, na mama mkwe kakaa mbele yangu, mkono shavuni, ananitazama kama mtu anayeaga. Mkwe halalamikii chakula. Nilikula, nikashukuru, kesho yake nikaanza kupitia kwa mama ntilie kabla ya kurudi nyumbani.

Amonia nayo haikushuka. Nilibadilisha maji, nikasafisha chujio, ikapanda tena. Nikapima maji ya dumu, safi. Nikaanza kushuku vichupa. Nikaanza kushuku macho yangu.

Jumamosi jioni narudi, nakuta kikao. Mama mkwe, mjomba wa mke wangu kutoka Temeke, na jirani yetu, nesi mstaafu. Mezani, kwenye kitambaa cheupe, vichupa vyangu vya alfajiri. Kimoja kilikuwa cha rangi ya chungwa.

"Kaa, mwanangu," nesi akasema. "Enzi zetu tulikuwa tunachemsha na dawa ya Benedict. Ikibaki buluu, salama. Kijani, sukari imeanza. Njano, mbili. Chungwa, tatu. Ikiwa nyekundu kama tofali, tunaita ndugu." Akanyanyua kile cha chungwa. "Haya umeyatoa lini?"

Nikafurahi. Hatimaye mtu anayependa vipimo!

"Leo alfajiri, mama. Kupima napima kila siku. Ila kuyatoa hasa ni mara moja kwa wiki, lita ishirini."

Mjomba akashika mkono wa kiti.

"Lita ishirini," nesi akarudia polepole. "Yanatoka yenyewe?"

"Natumia mpira."

"Umewekewa mpira! Hospitali gani?"

"Nimenunua mwenyewe Kariakoo. Ni rahisi tu, unanyonya kidogo kwa mdomo mpaka yaanze kutiririka, basi."

"Astaghafirullah," akasema mama mkwe, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

"Halafu," nikaendelea, maana nilishanogewa, "naingiza mengine mapya, kiasi kile kile. Hayo nafuata Kigamboni. Nasubiri bamvua, maji yakijaa kabisa, ndiyo yanakuwa masafi."

Khanga ikashuka taratibu. Mwanamke wa Pangani humdanganyi kwenye habari za bamvua.

"Bamvua?" akasema. "Wewe, tunazungumzia maji gani?"

Kabla sijajibu, binti yangu akapiga kelele kutoka upande wa tanki: "Bibi! Mzee kaja kwenye kioo! Anataka dagaa wake!"

Watu wazima wanne tukageuka kwa pamoja. Mzee alikuwa pale mbele, amenenepa, anachapa mkia.

Nikainua jiwe. Nyuma yake kulikuwa na dagaa wa siku nne, wali, kipande cha chapati na kitu ambacho mpaka leo naamini kilikuwa kande. Chakula kilichopunguzwa sahanini kwangu kilikuwa kinahamia kwa mwenzangu, na alichoshindwa kumaliza kikaozea pale.

"Kalikuwa kananitazama," mama mkwe akajitetea. "Na mimi nimezaliwa pwani, utaniambia samaki hali dagaa?"

Nesi alikuwa ameinamia meza, mabega yanamtikisika. Mjomba alitoka barazani, tukamsikia akicheka huko peke yake.

Usiku ule mchuzi ulirudishiwa chumvi ya wiki nzima kwa mpigo. Niliumaliza wote. Tanki nalo nililibadilisha maji mara tatu, na baada ya siku kadhaa kichupa kikarudi njano ya bizari safi, kwa ushahidi wa mama mkwe mwenyewe, ambaye sasa alikuwa akiingia bafuni na mimi kuhesabu matone.

Amesharudi Pangani. Hupiga simu kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee hajambo?"

"Sijambo, mama."

"Sikukuuliza wewe."