Mteja wangu hana hatia, mwenye hatia ni mimi

Hapa Lubumbashi wakili anaitwa Maître, na kwa masikio ya mtaa wetu wa Katuba neno hilo halina tofauti na la kupimia kitambaa. "Metre anapita," wanasema, wakinikagua toka kichwani hadi viatuni. Na kweli, kimo changu hakiizidi sana hiyo metre moja.

Nimechoka, jamani. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema kila mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Nimekisoma mbele na nyuma: wakili wake hakutajwa. Mteja bado anangoja hukumu, mimi yangu ilishatoka zamani, penye foleni ya maji, na haina rufaa.

Nikimtetea mwizi wa nyaya za shaba, mama muuza makala, yaani makaa, anahesabu magunia yake nikipita. Kanisani sahani ya matoleo ikifika kwangu shemasi haiachilii: yeye ameshika huku, mimi nimeshika kule, tunatazamana mpaka kwaya imalize ubeti. Ufaransa alikuwepo wakili Jacques Vergès, aliyemtetea Klaus Barbie, yule mkuu wa Gestapo wa Wanazi, mjini Lyon mwaka 1987. Alichukiwa, sawa. Lakini sidhani kama kuna aliyemhesabia makala.

Sasa huyu wa mwisho. Aliuza kiwanja kimoja cha Annexe, pembezoni mwa mji, kwa watu watatu, na hata hicho kimoja hakikuwa chake. Sheria inaliita kosa hilo stelionati, jina zuri kama dawa ya kikohozi.

"Papa," mke wangu akaniuliza, "huyo si ndiye aliyemlia pesa yule mama wa kwaya?"

"Inadaiwa, mama."

"Inadaiwa na nani? Na mama wa kwaya!"

Tangu siku hiyo bukari yangu, yaani ugali, inakuja na bitoyo, samaki wa chumvi, vichwa vitupu. Mikia sijui inaenda wapi.

Nikamfuata gereza la Kasapa. Nilimkuta amenenepa, shati limepigwa pasi, mimi niliyetoka nje ndiye niliyefanana na mfungwa. "Maître, wananionea," akasema. "Sikuuza mara tatu. Niliuza mara moja, kwa watu watatu." Kisha akaniomba mayunite apige simu nyumbani. Nikamtumia. Msiniulize kwa nini. Mngemsikia na nyinyi mngetuma.

Mahakamani nikavaa joho, nikakohoa. "Bwana Rais wa mahakama, mnasema mteja wangu si mtu wa kuaminika. Watu watatu walimwamini ndani ya wiki moja! Nani humu ndani anaweza kusema hivyo juu yake mwenyewe?" Karani akaacha kuandika. Mwendesha mashitaka akainama chini ya meza kana kwamba ameangusha kitu. Sijui ni hoja au ni huruma, lakini jamaa akapewa uhuru wa muda.

Ikabaki malipo yangu. "Maître, pesa hakuna," akaniambia, ameniwekea mkono begani, "lakini kiwanja kipo. Kingine. Safi kabisa, kina miembe miwili." Akanipa karatasi yenye mihuri mitatu. Mimi, niliyesoma sheria miaka mitano, nikaikunja vizuri nikaiweka mfukoni.

Jumamosi nikapanda taxi-bus mpaka Annexe. Miembe ipo, miwili, hakudanganya. Chini ya mmoja kulikuwa na bwana amevaa suti, anapima ardhi kwa hatua, anahesabu kwa sauti. Akageuka. Mwanasheria mwenzangu, yule aliyemtetea jamaa kwenye kesi ya mwaka juzi. Naye ana karatasi. Mihuri mitatu.

Tukakaa kivulini bila kusemezana. Simu yangu ikalia.

"Maître, nasikia kuna watu wawili wanataka kunishitaki tena. Utanisimamia?"

Mwenzangu akaninong'oneza: "Muulize kwanza atalipa nini."