Muuza mlonge alimuuliza mama amekula nini

Chumbani kwa mama, Muheza, juu ya meza kuna chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa. Siku hizi ina unga wa kijani, majani ya mlonge yaliyokaushwa na kutwangwa. Kando yake kuna boksi la metformini, dawa ya sukari, ambalo Desemba nilipokwenda likizo nilikuta halijaguswa tangu Septemba. Nilihesabu vidonge kimoja kimoja. Mama alinitazama, hakusema neno, akatoka kwenda kuchochea moto.

Hasira zilinipanda. Kesho yake nikaenda sokoni kumtafuta huyo muuza dawa, nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta kijana wa miaka thelathini na kitu, ana kipaza sauti, ana picha kubwa ya figo iliyopauka kwa jua, na ana daftari la wateja. Nilipojitambulisha aliinuka. “Wewe ndiye mwanawe mama wa njia ya Amani? Karibu kaka. Ile ganzi ya miguu inaendeleaje?”

Ganzi ipi? Mimi niliyezaliwa naye sikuwa na habari ya ganzi. Muuza mlonge alikuwa nayo kwenye daftari.

Ugomvi wangu uliishia hapo, na tangu siku ile nimekuwa nikiliwaza jambo hili tofauti na nilivyozoea. Yule kijana alikuwa amemkalisha mama kwenye kigoda akamuuliza amekula nini jana, asubuhi, mchana na usiku. Akamwambia aache sukari kwenye chai, ugali apunguze, mboga aongeze, atembee asubuhi kabla jua halijawa kali. Hakuna hata kimoja hapo ambacho daktari wa sukari angekipinga. Halafu akaongeza la mwisho: aache vidonge, kwa sababu vinachosha figo.

Sasa tazama upande wa pili. Kliniki anayohudhuria mama (siitaji, wahudumu wake nao wamezidiwa) inataka ufike saa kumi na mbili asubuhi, hujala kitu. Unachomwa kidole, namba inaandikwa kwenye kadi, unapewa vidonge vya mwezi. Ushauri wa chakula ni sentensi moja inayosemwa huku mgonjwa anayefuata ameshaingia mlangoni: “Bibi, epuka wanga.” Mama alirudi nyumbani anacheka mpaka machozi. Kwetu Tanga wanga ni watu wanaoruka usiku. “Nimeambiwa niepuke wanga, kana kwamba miaka yote hii nilikuwa nacheza nao ngoma.” Tukacheka wote, na hakuna aliyemfafanulia kwamba kilichokuwa kikisemwa ni ugali, wali, mihogo na chapati.

Wala hakuna aliyemwambia kwamba metformini humezwa pamoja na chakula. Yeye alikuwa anaimeza alfajiri, tumbo tupu, akifikiri ndivyo dawa inavyofanya kazi vizuri. Ikamharisha na kumtia kichefuchefu wiki mbili mfululizo. Mtu akija akamwambia hiyo dawa ni sumu, mwili wake wenyewe umeshatoa ushahidi.

Hiyo hadithi ya figo nayo ina mzizi. Kinachoharibu figo ni sukari iliyokaa juu miaka mingi. Lakini ni kweli daktari hutakiwa kupima figo za mtu anayetumia metformini, maana zikiwa dhaifu dawa haitoki vizuri mwilini. Ukilisikia hilo nusu, sokoni linafika likiwa “vidonge vinaua figo”.

Kinachonikera zaidi kwenye haya mabishano ya vidonge na tiba za asili ni zile video za WhatsApp zinazoanza na “madaktari hawataki ujue hili”. Kwamba chakula kinaweza kuirudisha sukari chini ni jambo lililochapishwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2017 huko Uingereza, Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow walitoa matokeo ya utafiti wa watu 306 wenye sukari ya ukubwani, wote waliogundulika ndani ya miaka sita na wasiotumia insulini. Nusu yao walisimamishiwa vidonge, wakapewa vinywaji vya lishe vya kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha chakula kikarudishwa pole pole. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Kwa wale waliopungua kilo 15 na zaidi, ilikuwa 86 katika kila 100. Katika kundi lililoendelea na huduma ya kawaida walikuwa 4 tu katika kila 100.

Namba hizo ni kubwa kuliko chochote nilichowahi kusikia kwenye kipaza sauti cha sokoni. Lakini wale watu waliacha vidonge wakiwa chini ya uangalizi, wanapimwa. Na mama ana mwaka wa kumi na moja na ugonjwa huu, kwa hiyo siwezi kumwahidi matokeo ya mtu wa mwaka wa pili.

Na hiyo ni sukari ya ukubwani. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini ni habari nyingine kabisa. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini kule Toronto, chakula pekee kilishajaribiwa kwa watoto kama yeye. Waliwekwa kwenye njaa ya kupimwa, wakaishi muda kidogo zaidi, wamebaki mifupa. Muuza dawa anayemwambia mzazi wa mtoto kama huyo aache sindano, kwake sina subira hata chembe.

Dawa za miti sizidharau. Mtu wa Muheza hawezi: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na kwenye milima ile ile mkwinini ulipandwa, mti ambao gome lake lilitibu malaria. Hata metformini ina babu yake porini. Inatokana na mmea unaoitwa Galega officinalis, ambao Ulaya ya zamani waliwapa watu wanaokojoa kupita kiasi. Mmea wenyewe ni sumu, ng'ombe na kondoo hufa wakiula mwingi. Kazi ya maabara ilikuwa kutafuta kiungo kinachofanana na kile cha mmea lakini chenye usalama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akaeleza jinsi metformini inavyowasaidia wagonjwa. Kwa hiyo mama alipoacha kidonge akashika majani, alitoka kwenye jani lililopimwa akaenda kwenye jani la kukadiria kwa kijiko.

“La asili halina madhara,” wanasema. Singapore mwaka 2008 watu zaidi ya 100 wasio na kisukari walifikishwa hospitali sukari imeshuka vibaya, wengine hawajitambui. Baadhi yao walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, zikiwemo zilizouzwa kama za mitishamba. Zilipopimwa zikakutwa na glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Wanne walikufa. Mtu umetafuta raha ya usiku, unaletewa dawa ya kisukari usichokuwa nacho.

Mjomba wangu alikwenda Samunge mwaka 2011, wakati nchi nzima ilipokuwa njiani kwenda Loliondo kwa Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Alikaa kwenye foleni ya magari siku nne. Aliporudi nilimuuliza dawa ina ladha gani. Hakukumbuka sawasawa. Alichokumbuka ni kwamba mzee alimpa kikombe kwa mkono wake na kumwombea, sawasawa na alivyomfanyia waziri aliyekuwa mbele yake. Presha yake ilibaki pale pale, nasi tulimcheka kwa miaka. Nadhani tulicheka jambo lisilo la kuchekwa. Shida ilikuwa vidonge alivyoviacha nyumbani wakati wa safari, na baada yake.

Januari nilimpeleka mama mwenyewe. Sukari yake, hajala kitu, ilisoma 17.8, juu mno. Tulimwomba daktari dakika kumi, akatupa saba. Nikamwonyesha picha ya sahani ya ugali wa mama niliyoipiga kwa simu. Akacheka, akachora duara kwenye kadi: nusu mboga, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo ugali. Mama akauliza, hata wa dona? Hata wa dona, shikamoo mama, dona ina makapi mazuri lakini ni mahindi yale yale. Vidonge vikahamishiwa baada ya chakula, kwa kuanza na kimoja. Kuhusu ganzi, alimvua viatu akamgusa nyayo kwa uzi wa plastiki kuona kama anahisi, mmoja baada ya mwingine. Miaka kumi na moja, na ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki iliyopita alinisomea namba kwenye simu, 9.1. Muuza mlonge bado humpigia kila Jumapili kumjulia hali, na mama bado hununua kwake. Siku hizi anachukua majani mabichi, anayapika na karanga.