Dokta, Niulize Pia Kama Ninalala

Tumbo langu lilianza Mei 2021. Tarehe 22 jioni volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wetu wa Goma, ililipuka. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame, tukashika njia ya Sake, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Ardhi ilitikisika usiku na mchana, na kila ikitikisika tumbo lilikaza kama kamba, nakimbilia vichakani. Tuliporudi Goma ardhi ilikuwa imetulia. Tumbo halikutulia.

Kilichofuata wengi wa hapa wanakijua. Kipimo cha choo: amiba. Vidonge, nafuu ya wiki moja. Kipimo kingine: tifoidi. Vidonge vingine. Jirani akasema ni vidonda, niache pilipili na maharagi. Nikaacha. Miaka zaidi ya mitatu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kama ninalala usiku.

Amiba zipo, sikatai. Na vidonda vya tumbo vingi vinatokana na bakteria, Helicobacter pylori, ambayo Barry Marshall na Robin Warren waliigundua Australia mwaka 1982; ina dawa na inapona. Anayepata choo cheusi au chenye damu, anayekonda bila sababu, anayetapika kila mara, aende apimwe leo. Lakini kuna tumbo ambalo vipimo vyote havioni kitu, nalo linauma kweli.

Utumbo una neva zake, seli zaidi ya milioni 100, na unaongea na ubongo kupitia neva ya vagasi. Habari nyingi katika neva hiyo hupanda, kutoka tumboni kwenda kichwani. Hofu ikikaa muda mrefu, mwendo wa utumbo unavurugika: huyu anaharisha, yule anafunga choo, na hata gesi ya kawaida inachoma kama jeraha. Maumivu hayo nayo yanaongeza hofu. Wazee walishaliona jambo hili. Ndiyo maana tunasema mtu mwenye wasiwasi ana tumbo joto.

Basi neno linaloniumiza ni «tu». «Mama, hayo ni mawazo tu.» Niliambiwa hivyo baada ya Januari 2025, vita vilipoingia mjini na tumbo likarudi kwa nguvu. Nilitoka pale nikiona haya, kana kwamba nilikuwa nadanganya.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja mtu mzima. Hakunipa karatasi ya maabara kwanza. Aliuliza: «Lilianza lini, mama yangu? Na usiku unalala?» Nikalia. Akanieleza haya ya neva, akanipa dawa ya kulegeza misuli ya utumbo, akanifundisha kupumua polepole hadi tumboni, akaniambia nirudi kila wiki tuongee. Sijapona kabisa, ila sasa ninakula maharagi.

Wanasaikolojia tunao, lakini mara nyingi wako mlango wa pembeni, na anayeonekana akiingia huko ataitwa kichaa mtaani. Ndiyo maana ninaomba swali la muuguzi yule liulizwe palepale, kwenye chumba kilekile tunachopimiwa presha, kwa kila anayerudi na tumbo mara ya tatu.

Siku hizi nawauliza majirani wanaotoka farmasi na vidonge vilevile vya amiba: lilianza lini? Juzi mmoja alinijibu bila kufikiri: «Siku tuliyobomoa banda letu katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga.»